Usiku wa Kuhesabiwa

Tok.

Sauti ilikuwa ndogo, ya mti kugonga mti. Mtu mwingine angeisikia angedhani ni panya, au ubao wa dari unajinyoosha. Mama Chiriku aliisikia akiwa ndani kabisa ya usingizi, na kabla hajafumbua macho miguu yake ilikuwa imeshafika sakafuni. Alipiga hatua nne gizani, akainama juu ya kitanda kidogo, akashika bega na nyonga, akamgeuza binti yake ubavu. Kimya. Akahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye tano pua ikavuta, ikakwama, ikavuta tena kwa nguvu kama bomba lililoingia hewa, kisha pumzi ikarudi kwenye mwendo wake.

"Haya," alinong'ona. "Haya, mama yangu."

Chiriku alikuwa na miaka sita. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu akiwa macho mdomo haupumziki. Huzungumza na kijiko, na viatu, na nzi dirishani. Shida ilianza akilala. Nyuma ya pua yake kulikuwa na nyama zilizokua kupita kiasi, na akilala chali zilishuka zikaziba njia ya hewa kama tambara kwenye mdomo wa chupa. Daktari aliwaambia mambo mawili: mtoto asilale chali, na nyama zile zitolewe kabla moyo haujaanza kuchoka. La pili lilitaka upasuaji. La kwanza Mama Chiriku alilitafutia dawa mwenyewe. Mchana alikuwa akipiga pasi kwenye duka la fundi cherehani, na huko aliokota kigurudumu cha mbao cha kuzungushia uzi, kilichobaki kitupu, akashona mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia la binti yake, akakitia humo. Mtoto akitaka kulala chali, kigurudumu kinamkera na kumrudisha ubavuni. Asipokereka, kinagonga ubao wa kitanda: tok. Hapo mama anaamka.

Mama peke yake. Baba Chiriku alikuwa fundi wa friji, mtu mwema na mchapakazi, lakini akilala alikuwa kama friji iliyochomolewa waya. Bibi, mama yake fundi, alilala chumba cha pili, na masikio yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Kwa miaka miwili hakuna mkono mwingine uliowahi kumgeuza Chiriku usiku. Mama Chiriku hakuwahi kulilalamikia jambo hilo. Kusema kweli, na hili hakumwambia mtu, alilionea fahari.

Usiku huo aliporudi kitandani hakulala tena. Asubuhi alikuwa anakwenda upande wa pili kuonana na afisa wa bima.

Upande wa pili maana yake ng'ambo ya daraja. Mji wao ulikatwa na mto, na mto ndio uliokuwa mpaka: huku nchi moja, kule nyingine. Nyumba, mume na pasi vilikuwa huku. Chuo kilikuwa kule. Kila jioni alimwonyesha askari wa daraja kipande chake cha ujirani, kibali cha wakaazi wa mpakani ambacho hakigongwi muhuri, hutazamwa tu na kurudishwa. Akavuka, akasoma kozi ya maabara kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja na nusu, kisha akakimbia, viatu mkononi kukiwa na matope, awahi kabla kizuizi hakijashushwa saa mbili. Kikishushwa hakiinuki mpaka alfajiri.

Bima ya wanafunzi ya kule ilikuwa nzuri. Ilimhudumia mwanafunzi na mtoto wake mmoja, na hospitali ya kule ndiyo iliyotembelewa na daktari wa kutoa nyama za pua. Bila bima, upasuaji ule wangeuona kwa macho tu. Lakini bima ilikuwa na sharti: mwanafunzi awe mkaazi, alale bwenini. Ushahidi ulikuwa rejista, daftari refu la jalada la kijani lililofungwa kwa kamba mlangoni pa bweni, ambamo kila mwanafunzi hutia saini saa tatu usiku. Saa tatu usiku Mama Chiriku alikuwa nyumbani, akimsikiliza binti yake akisimulia maisha ya kijiko. Saini yake, hata hivyo, haikukosa hata siku moja.

Aliyeitia alikuwa Wakili, mwenzake wa chumba namba tisa. Hakuwa wakili, alisoma maabara kama yeye, na jina alilipata kwa kutokubali kushindwa maneno. Alitia saini yake mwenyewe, kisha ya Mama Chiriku, kisha za wengine watano waliovuka daraja kila jioni. Kila moja aliipa mwandiko wake, hii imelala kushoto, ile ina mkia mrefu, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo mmoja kama mtu anayewafunga watoto vifungo vya sare.

"Mimi sisemi uongo," alizoea kujitetea. "Vitanda vyenu vipo. Mito yenu ipo. Mnachokosa ni vichwa tu."

Hakuna aliyeona ubaya. Wanafunzi wa darajani waliishi hivyo tangu hapo, na waliokuja walifundishwa na waliotangulia.

Afisa wa bima alikuwa mwanamume wa makamo, miwani yake imeshikiliwa na uzi sikio moja. Alikuwa na tabia ya kupuliza muhuri kabla ya kuugonga. Asubuhi hiyo muhuri ulikuwa umelala ndani ya kopo lake, na mezani palikuwa na daftari la jalada la kijani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, mama. Ombi la mtoto limefika. Daktari ameandika vizuri, yeye hana tatizo. Mwenye tatizo ni mimi." Alilowesha kidole, akafunua. "Wewe unalala bwenini?"

"Rejista hiyo hapo."

"Naam, nimeisoma kama gazeti. Unakumbuka mwezi uliopita bweni lilipopulizwa dawa ya kunguni?"

Mama Chiriku alikumbuka. Bweni lilifungwa usiku mzima, milango ikazibwa kwa karatasi, wanafunzi wakatawanyika kwa ndugu na marafiki. Hata matroni alilala kwa dada yake. Na wiki ile ile Wakili alikuwa na safari ya kwao. Ili asiwaangushe wenzake, alitia saini za wiki nzima siku ya Jumatatu. Tangazo la dawa lilibandikwa Jumatano.

"Usiku ule," afisa alisema, akiligeuza daftari limtazame, "bweni lilikuwa tupu. Lakini hapa naona watu saba wamelala. Wewe ni wa pili. Sasa nimejiuliza: kunguni wamekufa wote, ninyi mlisalimikaje?"

Alifungua mdomo. Afisa akainua kiganja.

"Usiniambie kitu. Ukiniambia nitalazimika kuandika." Alivua miwani, akafuta jicho. "Sikatai ombi. Nahesabu upya. Usiku kumi na nne mfululizo. Matroni atapita na tochi saa tatu, atauona uso wako kitandani, ataandika kwa kalamu yake mwenyewe. Daktari wa upasuaji anakuja mara mbili tu kwa mwaka, na anakuja siku ya kumi na tano kuanzia leo. Ukianza leo, unamaliza asubuhi ile ile. Ukikosa mmoja, tunaanza na moja, na daktari atakuwa ameshaondoka."

"Naweza kuja na mtoto?"

"Bwenini mtoto halali. Kunguni ndio walioruhusiwa, na hao tumewamaliza." Aliona uso wake, akatahayari. "Samahani, mama. Utani wa kazini."

Mama Chiriku alitaka kusema: ugonjwa wa huyu mtoto ni wa usiku, na anayemgeuza ni mimi. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Kisha akayaona yalivyo. Kuyasema ni kukiri kwamba miaka yote hii hakulala kule. Kutoyasema ni kukubali kwenda kulala kule. Bima ya kumponya binti yake usiku ilitaka usiku wote awe mbali naye. Alimeza, akasema asante, akatoka.

Mchana huo huo alikwenda na mumewe kwenye ofisi ya bima ya upande wao, kuuliza kama mtoto anaweza kurudishwa kwenye kadi ya baba yake. Dirishani palikuwa na karani msichana, mwenye kucha ndefu kiasi kwamba alibonyeza vitufe kwa ncha ya kalamu.

"Kwenye mashine wewe umetoka nchini," alisema. "Ulijaza fomu ya masomo ya nje, ukatoka, na mtoto mtegemezi wako akatoka nawe."

"Nilirudi jioni ile ile, mdogo wangu. Narudi kila siku."

"Kuna muhuri wa kurudi?"

"Kipande cha ujirani hakigongwi muhuri."

"Basi hujarudi."

"Si mimi huyu niko mbele yako?"

"Mimi nakuona, dada. Mashine ndiyo haikuoni."

Baba Chiriku alichungulia juu ya bega la mkewe. "Ingekuwa friji ningeifungua kwa nyuma," alisema.

Karani alicheka, akacheka kweli, kisha akawapa karatasi. Ilitaka uthibitisho wa kuishi nchini miezi sita mfululizo, ndipo jina lirudi.

Wakashika njia ya nyumbani. Upande huu aliandikwa ametoka, upande ule aliandikwa hajafika, na katikati palikuwa na mtoto anayekoroma.

Nyumbani Bibi alisikiliza habari yote mkono ukiwa nyuma ya sikio, kisha akatoa hukumu.

"Mnajisumbua bure. Nendeni nao kwa maneno. Mfundisheni mtoto, akiulizwa aseme mama yake halali hapa. Mtoto wa miaka sita nani atamwita mwongo?"

"Hapana, mama," alisema Mama Chiriku. "Sitamfundisha mwanangu kunikana."

"Haya. Basi nani atamgeuza?"

Wote wawili walimtazama Baba Chiriku. Baba Chiriku alitazama mikono yake, yenye weusi wa gesi na grisi usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Mimi," alisema.

"Wewe?" Bibi alishangaa. "Wewe uliyelala mpaka bati letu likaezuliwa na upepo, asubuhi ukauliza mbona kuna mwanga mwingi?"

"Mimi, mama."

Mama Chiriku alimfundisha jioni ile ile, mtoto akiwa macho na kufurahia mchezo. Bega na nyonga kwa pamoja, usimvute mkono. Hesabu mpaka tano. Ukifika nane bila pumzi, mkalishe. Fundi alifuata kila neno, kichwa amekiinamisha upande kama anavyosikiliza mashine ya friji kabla ya kuigusa.

"Baba mikono yake inakwaruza," Chiriku alitangaza kwa sauti yake ya puani.

"Ataizoea, na wewe utaizoea."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kulala shuleni. Siku chache."

"Kwani shuleni wana usingizi mzuri?"

Alimbusu kichwani, akachukua begi, akaondoka kabla miguu haijabadili nia.

Bweni lilikuwa na mlango mmoja wa chuma na kufuli moja, na ufunguo wa kufuli ulikaa shingoni mwa matroni. Saa tatu kamili mlango ulifungwa kwa ndani. Kisha mwanga wa tochi ulikuja ukumbini, chumba kwa chumba, mpaka namba tisa.

"Uso," alisema matroni.

Mama Chiriku, kitanda cha juu, aligeuza uso kwenye mwanga. Kalamu ikakwaruza. "Moja," alisema matroni, akapita.

Alilala macho yakiwa yametazama dari iliyokuwa karibu kama kifuniko. Kila kitu kilikuwa kikigonga: bomba, dirisha, kandambili za mtu anayekwenda chooni. Kulikuwa na simu, lakini mtandao ulipatikana kwenye dirisha la bafuni peke yake. Huko alisimama kwenye maji baridi akapiga mara tatu, na mara zote tatu simu ya fundi iliita mpaka ikachoka. Alirudi kitandani. Katikati ya usiku alisikia tok, ubao kwa ubao. Alishuka ngazi bila kujua anashuka, akashika bega na nyonga, akageuza.

"Shoga," ilisema sauti ya Wakili gizani. "Mimi pua yangu nzima."

"Nisamehe."

"Hapana, nisamehe wewe. Nimewaponza watu sita kwa wiki moja ya wema." Wakili alisogea ukutani. "Kaa basi hapa, unigeuze ukitaka. Usilie peke yako huko juu."

Alfajiri mlango ulipofunguliwa alitoka mbio, akavuka daraja, akafika nyumbani pumzi zikimkata. Chiriku alikuwa mzima, anazungumza na kikombe. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, macho mekundu kama aliyepulizwa moshi.

"Sikulala," alisema. "Kwa hiyo sikuhitaji kuamka."

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne mteja alimkuta fundi amelala, kichwa kiko ndani ya friji aliyokuwa akiitengeneza, mlango umemwegemea mgongoni. Mteja aliieneza habari mtaa mzima. Mama Chiriku alicheka pamoja na wengine dukani. Mtu anaweza kukesha siku tatu. Hawezi kukesha kumi na nne.

"Uso," alisema matroni. "Tano." "Uso. Sita."

Alizoea kila kitu isipokuwa sauti ya kufuli. Usiku wa saba aliota kwamba matroni amefika na tochi, na kitandani pamelala kigurudumu cha uzi, na matroni akasema, "Uso," naye hakuwa nao.

Siku ya tisa asubuhi Chiriku alipiga chafya mara mbili. Jioni, Mama Chiriku akiwa darasani anatazama tone la damu chini ya hadubini, simu ilitikisika mfukoni.

"Ana homa," alisema Baba Chiriku. "Pua imeziba kabisa, anapumulia mdomo. Usishtuke. Nimekupigia ujue tu."

Alikuwa ameshavua koti la maabara kabla hajamaliza. Wakili alimkimbilia mpaka ngazini. "Ukivuka hurudi leo," alisema. "Unalijua hilo?" Alilijua. Alikimbia hivyo hivyo.

Alifika darajani saa moja na dakika arobaini, anga upande mmoja bado lina wekundu. Askari alitazama kipande chake, akatazama saa.

"Mama, nashusha baada ya dakika ishirini. Chagua upande, nisije nikakufungia katikati."

Katikati ndiko alikokutana nao. Baba Chiriku alikuwa akija kutoka upande wa nyumbani, mtoto begani amefunikwa shuka, maana alijua mkewe angekuja na alitaka kumkatizia njia. Mama Chiriku alimchukua, akaweka sikio kifuani, akasikiliza muda mrefu. Kifua kilikuwa safi. Ni pua tu.

"Mama, pua yangu imefunga duka," alisema Chiriku, joto linamtoka kama mkate.

"Nasikia, mwanangu." Alimgeukia mumewe. "Leo nalala nyumbani."

"Unarudi chuoni."

"Akishikwa usiku? Wewe siku ya nane leo hujalala, unatembea kama mlevi. Utaanguka usingizini na hutasikia kitu."

"Sihitaji kusikia." Aliinua mkono wa kushoto. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na pete nyekundu ya ngozi iliyochubuka. "Nimefunga uzi. Kutoka kwenye kigurudumu mpaka hapa. Akigeuka, kidole kinavutwa. Nimekuwa nalala tangu usiku wa tano, naamka nikivutwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja kuukagua."

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimchoma kwa namna ambayo hakuitarajia.

"Jana amegeuka mara ngapi?" aliuliza, kama mtahini.

"Saba. Mbili kabla ya saa sita, tano baadaye. Karibu na alfajiri ndipo anasumbua zaidi."

Karibu na alfajiri. Hilo lilikuwa lake. Kwa miaka miwili alikuwa mtu pekee duniani anayelijua, na sasa lilisemwa na mtu mwingine, katikati ya daraja, kama habari ya kawaida ya nyumbani.

"Dakika tano," aliita askari.

"Ukija nyumbani leo," fundi alisema taratibu, "tunamwangalia usiku huu, na miezi sita mingine baada ya huu. Ukirudi, ni usiku sita tu. Mimi sina maneno mengi, mama Chiriku. Lakini kidole ninacho."

Alibaki amemshika mtoto. Alipiga hatua mbili kuelekea nyumbani. Akasimama. Chini yao maji yalipita bila kumwonyesha mtu kitambulisho. Alimgeuza Chiriku taratibu kutoka bega lake kwenda bega la baba yake, akaikunja shuka miguuni, akaikunja tena pasipo haja.

"Leo usimlaze," alisema. "Mwegemeze kifuani kwako, ukae. Mafua hayapendi mtu aliyelala."

"Sawa."

"Na mfuko wa kigurudumu, mshono wa chini umelegea."

"Nimeushona."

Basi hakukuwa na kingine. Alirudi njia aliyojia, na kizuizi kilishuka nyuma yake kwa kishindo. Saa tatu alikuwa kitandani, nguo za darasani mwilini. "Uso," alisema matroni, na tochi ilikaa usoni pake kidogo zaidi ya kawaida. "Tisa," alisema, kwa sauti ya chini. Usiku ule alisimama kwenye dirisha la bafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Simu hakupiga. Aliogopa kumvuta mtu mikono miwili kwa wakati mmoja.

Asubuhi aliwakuta wamekaa wameegemea ukuta, mtoto juu ya kifua cha baba yake, wote wamelala vinywa wazi. Uzi ulikuwa umezunguka kidole mara tatu. Alisimama mlangoni bila kuwaamsha, akajikuta anahesabu pumzi, na alipofika ishirini akaacha.

Siku ya kumi na tano matroni alifungua kufuli mapema. Alimpa Mama Chiriku karatasi yenye saini kumi na nne za mwandiko mmoja, akasema, "Nenda, mwanangu. Na mimi nimechoka kukuona."

Hospitalini walikuwa wameshafika. Chiriku alikaa kitandani na gauni lake la kulalia, njaa imemnyamazisha nusu. Bibi alikuwa pembeni na mfuko wa nguo. Muuguzi alileta gauni la upasuaji, akasema mtoto abadilishwe, na kile kidude cha mgongoni kiondolewe. Mama Chiriku aliharakisha. Kazi hiyo ilikuwa yake. Alipenyeza vidole mfukoni, akapapasa uzi, akatafuta fundo. Halikuwa fundo lake. Lilikuwa la fundi wa friji, dogo na gumu, la kuzuia kitu kisivuje. Alijaribu kwa kucha, kisha kwa meno. Mwishowe Baba Chiriku alinyoosha mkono, akalisukuma kwa kidole gumba, likafunguka.

Ndipo afisa wa bima alipoingia, muhuri mkononi na faili kwapani. Alisoma karatasi ya matroni mstari kwa mstari, akaridhika, akafunua ukurasa wa mwisho wa fomu.

"Limebaki swali moja. Ni la kawaida tu, huulizwa kila mtu mwenye mtoto." Alisogeza miwani. "Mtoto anaangaliwa na nani usiku, wakati mama yuko chuoni?"

Jibu la siku kumi na nne Mama Chiriku alikuwa nalo, na lilikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na miaka miwili, hatua nne gizani, bega na nyonga, na aliona kwamba akifungua mdomo hajui lipi litatoka kwanza. Bibi alimkazia macho mjukuu wake, midomo ikitikisika kimyakimya kama anayemkumbusha mtoto shairi la shule. Mama Chiriku alimtikisia Bibi kichwa: hapana.

Afisa aliwatazama watu wazima watatu, mmoja baada ya mwingine. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Hebu niambie wewe," alisema. "Usiku nani yuko nawe?"

Chiriku alimtazama afisa, akautazama muhuri, kisha akamtazama mama yake kwa muda mrefu, kama anayemwomba radhi.

"Anayenigeuza ni baba."